Chupa yenye mstari wa rangi ya kucha

Kwenye kabati la vyombo nyumbani kwetu kuna chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Haitupwi, haiwekwi juisi, haipelekwi shule. Ubavuni ina mstari mwekundu niliouchora kwa rangi ya kucha, na shingoni imefungwa kijiko cha chai kwa uzi wa cherehani. Mgeni akiuliza ni ya nini, watoto humjibu kabla yangu.

Mwaka 2015 tulikuwa tunaishi Manzese, vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji saba. Choo kimoja uani. Bomba lilikuwa linatoa maji siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua kwa vijana wa mikokoteni, na hukuwa na haja ya kuwauliza wameyachota wapi kwa sababu jibu lilikuwa moja tu: "Safi, mama, ya bomba." Mimi nilikuwa na genge la mboga na matunda mbele ya nyumba, baba watoto anafanya kazi za ujenzi. Kipindupindu kilianza mwezi Agosti, tena wilaya yetu hiyo hiyo ya Kinondoni. Ilikuwa ni msimu wa kampeni. Linapita gari la chama linapiga muziki, likimaliza kona linakuja gari la matangazo ya afya: chemsheni maji, naweni mikono, msile vyakula vilivyoachwa wazi. Sisi tulikuwa tunacheza muziki wa gari la kwanza, la pili linatukuta tumeshaingia ndani.

Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Morogoro kutafuta maisha, kijana wa miaka 19, anabeba mizigo sokoni. Siku hiyo tulikuwa mkekani tunakula, saa tatu usiku, akanyanyuka kwenda uani. Akarudi, akala tonge mbili, akanyanyuka tena. Mara ya tatu nikamtania kwamba Dar imemkataa. Kufika saa tano alikuwa hawezi kufika chooni, tukamwekea ndoo. Kilichokuwa kinatoka hakikuwa choo tena, yalikuwa maji meupe yenye ukungu, kama yale unayomwaga ukishaosha mchele. Hayakuwa hata na harufu ya kinyesi. Akaanza kulia kwamba miguu inamkaza, misuli ya nyuma ya goti, tukamkanda tukidhani ni mpira aliocheza jioni.

Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kutusalimia wiki ile. Kijana akaomba maji. Mama akasema, "Msimpe. Mnavyomjaza ndivyo anavyozidi kuendesha." Ilinijia akilini kama kweli. Ukiangalia kwa macho ndivyo inavyoonekana: akinywa, anatoa. Basi tukamnyima. Tangu saa tano mpaka saa nane za usiku tulikuwa tumemzunguka kijana anayekauka, kwa mapenzi yetu yote, tumeficha jagi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ngozi kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Sauti ilikuwa imekwisha. Nilipomfinya ngozi ya mkono ilibaki imesimama.

Baba watoto akatoka kutafuta bajaji. Wa kwanza alifika mpaka mlangoni, akasikia mtu anatapika ndani, akageuza. Wa pili hata hakuzima injini. Wa tatu alikuwa kijana mdogo, akasema, "Mimi nitampeleka, lakini tandikeni kitu." Nikavuta kitambaa cha meza, kile cha plastiki chenye picha za zabibu, tukakitandaza kwenye kiti. Hela ya kumlipa tulikopa kwa jirani wa chumba cha mwisho, tumemgongea saa nane usiku, kwa sababu ndani hatukuwa na noti hata moja. Mauzo ya genge nilikuwa nimeshayapeleka kwenye mchezo wetu wa kuchangiana pesa jioni ile.

Kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu walitupulizia dawa viatu kabla ya kuingia. Vitanda vyenyewe vilikuwa vya turubai, vimetobolewa tundu katikati na ndoo chini yake, na nilipoviona ndipo nilipoelewa kwamba huu ugonjwa wenzetu wanaujua kuliko sisi tunavyoujua. Nesi akamchoma dripu mikono yote miwili huku akiniuliza, "Mmempa nini njiani?" Nikamjibu hatujampa kitu. Akanitazama mara moja, akaandika. Dripu moja ikiisha inatundikwa nyingine, nilihesabu mpaka 11 nikasinzia. Asubuhi nilimkuta mdogo wangu amekaa, anaomba chai.

Yule nesi ndiye aliyenikalisha chini siku ya pili, bila ukali. Akaniambia kinachoua si kuhara, ni ukavu, na mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza maji na chumvi za mwili akafa ndani ya saa chache. Akiwahi kurudishiwa maji hayo, karibu wote wanapona. Kwa hiyo unamnywesha hata kama anatoa. Akitapika unasubiri kama dakika 10, unaanza tena kijiko kwa kijiko. Na wakati unamnywesha, unatafuta usafiri; hungoji uone atakavyoamka.

Tulivyorudi nyumbani bwana afya alikuwa ameshapita kupuliza choo na chumba. Nilidhani shida imekwisha. Genge langu halikupata mteja kwa wiki nyingi. Watu wanapita wananisalimia kwa upole wa msibani, wanaenda kununua nyanya kwa mwingine. Matango yalioza nikayamwaga. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba wiki tatu baadaye mtoto wa chumba cha tatu alianza kuendesha, na mama yake akafunga mlango na redio juu, tusisikie. Aliogopa lile lililonipata mimi. Mtoto alipona, Mungu mkubwa. Alipokuja kuniambia, mwezi umepita, nilishindwa hata kumlaumu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusema wazi: kwangu kiliingia, alikuwa mdogo wangu, alipona hivi na hivi. Ninasema hata kwa wasioniuliza.

Kuhusu kilikotoka, mimi nasema ni maji ya kandoro, yale ya kufungwa kwenye mifuko, ambayo mdogo wangu alikuwa anakunywa sokoni. Yeye mpaka leo anasema ni kachumbari yangu. Tunabishana kila Idi.

Ugonjwa ule haukuondoka haraka. Tarehe 9 Desemba mwaka ule Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaamuru nchi nzima ifanye usafi, na sisi wapangaji saba tulitoka na mafagio na majembe. Tulizibua mtaro wote. Tope na taka tukazirundika pembeni mwa mtaro, tukapiga picha. Gari la taka halikuja. Mvua ya wiki iliyofuata ikazirudisha ndani mtaroni kama zilivyokuwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umeshaingia mikoa mingi ya bara na Zanzibar, wagonjwa wakapita 20,000.

Mara ya kwanza kujiandaa nilijiandaa kwa hofu. Nilinunua vidonge vingi vya kutibu maji, pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kumrudishia mgonjwa maji na chumvi, chupa tatu za jiki, sabuni za mche katoni nzima. Hofu ilipopoa, sabuni zikaishia kwenye kufua nguo, jiki nayo hivyo hivyo, ndoo yenye mfuniko ikawa ya nguo chafu. Pakiti za ORS nilizikuta baada ya miaka miwili nyuma ya kabati, zimepitwa na muda, zimegandana kama jiwe. Kopo la sukari niliyoiita ya dharura liliishia kwenye uji wa Ramadhani. Hakuna aliyeiiba, mimi mwenyewe ndiye niliyeikopa, nikasema kesho nitarudisha.

Siku hizi kuna tarehe. Mwanzo wa Machi kabla masika hayajashuka, na mwanzo wa Oktoba kabla ya vuli, natoa vyote mezani. Sukari ya dharura inaingia kwenye matumizi, mpya inakaa mahali pake. Vidonge naviangalia tarehe. Hela ya bajaji ya usiku, noti mbili zilizokunjwa, nazihesabu hata kama najua zipo, maana nyumba hii ina vijana. Namba ya dereva wa bajaji nimeiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango, pamoja na ya yule wa akiba. Na kitambaa cha plastiki kimekunjwa hapo hapo. Si kile cha zabibu, kile tulikiacha kambini.

Chupa ilikuja kwa aibu. Kuna Oktoba moja nilimwambia binti yangu wa kwanza, wakati huo ana miaka 11, anitengenezee maji ya chumvi na sukari mimi nikiwa nimekaa tu natazama. Hesabu aliijua kwa kichwa, kama wimbo: lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko. Akachukua chupa ya lita moja na nusu akaijaza mpaka shingoni. Akachukua kijiko cha chakula. Akakijaza kikawa mlima. Nikamwacha amalize, nikaonja. Ilikuwa sharubati yenye chumvi ya bahari. Maji ya namna ile yanaweza kumzidishia mgonjwa kuhara, na chumvi ikizidi kwa mtoto mdogo ni hatari. Kosa halikuwa lake. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kupima. Nilikuwa nimekariri tu.

Tukaazima jagi la kupimia kwa jirani anayeoka keki. Tukamimina lita moja ndani ya chupa, nikachukua rangi ya kucha nikachora mstari pale maji yalipoishia. Kijiko cha chai tukakifunga kwa uzi. Sukari inasawazishwa kwa kisu juu, iwe bapa. Chumvi nayo hivyo hivyo, nusu, na ukiwa na shaka bora ipungue. Ukionja yawe na chumvi ya machozi, si zaidi. Yakitengenezwa leo, kesho yanamwagwa. ORS ya pakiti ni bora kuliko haya, na kwanza tunatumia hiyo. Haya ni ya pale pakiti haipo na duka limefungwa. Mtoto akiugua, kituoni wanampa na vidonge vya zinki vya siku 10 mpaka 14, na hivyo anavimaliza hata kama ameshaacha kuhara.

Maji ya kunywa yalinisumbua kuliko yote. Kuchemsha kila siku ni mkaa, na mkaa ni hela. Msimu wa mlipuko nachemsha ya watoto, mengine tunatia dawa: kidonge kimoja cha WaterGuard kwa ndoo ya lita 20, unakoroga, unafunika, unasubiri nusu saa. Maji yakiwa na tope unayachuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, maana dawa inaliwa na tope. Baba watoto alikataa miezi mingi, anasema yananuka bwawa la kuogelea. Nilimshinda kwa kuyaacha wazi kwenye jagi nusu saa nyingine kabla ya kumpa, harufu ikipungua. Ila hata ukiyatibu vizuri namna gani, mtu mmoja akichovya kikombe na vidole vyake, umerudi pale pale. Ndiyo maana niliuza mtungi wa udongo wa mama mkwe, roho ikiniuma, nikanunua ndoo ya koki. Kata ya kuchotea maji haipo tena nyumbani kwangu.

Na barafu! Wazazi wanalinda maji ya nyumbani, mtoto anapewa hela ya shule ananunua barafu ya ukwaju iliyogandishwa kwa maji ya kisima. Ubaridi hauui vijidudu vya kipindupindu, vinalala tu. Msimu ukianza nawatengenezea barafu zangu mwenyewe, nawauzia kwa hela ile ile ya shule. Hawajanisamehe.

Choo ndicho kilichochukua miaka. Anayekaa Dar kwenye nyumba za uswahilini anajua neno kutapisha. Shimo likijaa, gari la kunyonya ni ghali na uchochoro hauliruhusu kupita, basi watu wanasubiri masika. Mvua ikishuka usiku, mnasikia nondo na sururu: mtu ametoboa ubavu wa shimo, kinyesi kinakwenda na maji ya mtaro, asubuhi kila mtu anashangaa kana kwamba kimeshuka kutoka mawinguni. Nyumba yetu ilikuwa inafanya hivyo. Mimi nimeishi humo, nimevuka maji yale na ndala, sikusema neno. Kwa hiyo unaweza ukawa na ndoo ya koki na vidonge na chupa yenye mstari, na bado watoto wako wanacheza kwenye maji hayo.

Mwenye nyumba wetu wa wakati huo kila tukimwambia anasema kodi ni ndogo. Tulikaa vikao uani mpaka tukachokana. Mwisho tulikubaliana sisi kwa sisi kuchanga kidogo kidogo kila mwezi, anashika mama wa chumba cha tatu, yule yule aliyefunga mlango na redio. Wawili hawakuchanga hata siku moja. Tukaacha kuwasubiri. Ilipofika Februari tukaita vijana wenye pampu ndogo na mapipa kwenye toroli, wakaingia uchochoroni bila taabu, wakapunguza shimo kiasi cha kuvuka masika. Mwaka ule kwetu hapakutapishwa. Jirani wa nyuma alitapisha kama kawaida, na maji yake yalipita mbele ya mlango wetu. Nikalia kwa hasira, kisha nikaenda kumsalimia, nikamwambia bei tuliyolipa.

Mlangoni mwa choo tukaning'iniza kibuyu chirizi, dumu la lita tano lenye kamba ya kukanyaga kwa mguu. Sabuni ilikuwa inaibiwa mpaka nilipoitia kwenye soksi na kuifunga kwenye msumari. Unanawa na soksi yake, na hakuna anayeiba soksi yenye maji.

Kwenye misiba ndiko ninakoshindwa mara nyingi. Kukataa chakula cha msibani ni kumtukana mfiwa, na mimi sina uso huo. Ninachofanya ni kuwahi. Nafika asubuhi, najitolea kunawisha. Mahali pengi linazungushwa bakuli moja la maji, kumi wananawa humo humo, wa kumi ananawa uchafu wa tisa. Nikishika birika nawamiminia mmoja mmoja, na sabuni mfukoni ninayo. Wananisifu kwa adabu, hawajui kwamba ninajilinda.

Corona ilipotangazwa kuingia nchini, tarehe 16 Machi 2020, ilitukuta tumeshapanga vitu mezani kwa ajili ya masika. Ndoo za koki zikapanda bei, ndimu na tangawizi ndiyo usiseme. Sisi tulihamisha tu ndoo yetu kutoka uani kwenda mlangoni. Nilijiona mjanja mpaka nilipokumbuka kwamba huu unapita kwenye pumzi, na sisi tumelala watano chumba kimoja. Nikafungua madirisha, basi. Na mwaka 2023, Machi, Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza kwa kugusana, ilipotokea Kagera, nyumbani kwa baba watoto, watu 9 waliugua na 6 wakafa. Huko sukari na chumvi havikuwa jambo la kwanza. Mama mkwe alipiga simu kusema watu hawapeani mikono, na maiti haoshwi na ndugu. Tukakaa usiku mzima, mimi na mume wangu, tukiulizana akifa mtu wa kwao ataenda au hataenda. Hilo nalo nimeliweka kwenye orodha ya Oktoba: tunaulizana mapema, kabla simu haijalia.

Kwa usafi wa matapishi nina jiki, ile ya dukani ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, natumia siku hiyo hiyo na siichanganyi na dawa nyingine ya choo. Glavu zikikosekana, mifuko ya nailoni mikononi. Hapa sina la kuongeza.

Sasa tumehamia Mbezi, kwetu wenyewe, nyumba haijaisha lakini choo ni chetu. Masika yaliyopita nilikwenda Morogoro kumwona mama, sasa mzee, nikalala siku mbili. Niliporudi nikafungua kabati kutafuta sahani, chupa haipo. Nikapaza sauti ni nani ameitoa. Binti yangu akatoka chumbani akijifuta usingizi. Akasema usiku wa manane mtoto wa jirani wa mbele alianza kuendesha na kutapika, mama yake akaja kugonga. Yeye akatengeneza lita ya kwanza, akamwachia baba yake kupiga simu ya bajaji, akavuka barabara na chupa na kijiko. Wakampakia mtoto wakiwa bado wanamnywesha.

"Bibi yake alikuwa anasema asipewe," akaniambia. "Nikamwonyesha picha ya Anko."

Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Amerudi jana, akasema, ni tumbo tu, si kipindupindu, wamempa zinki. Chupa wanayo bado kule. Nikaangalia kopo la sukari, limebaki robo, nikampa hela aende dukani.